Ritifaa ya Unyamwezi na Alama Inayomeza Maneno

Katika maandishi ya Kiswahili ipo alama ambayo wasomi wetu huijadili kwa nadra sana. Ni ritifaa, mkato mdogo unaoelea juu ya mstari baada ya herufi n na g. Bila ritifaa, ng'oa, yaani kutoa mti pamoja na mizizi yake, hugeuka kuwa ngoa, neno la zamani la wivu na tamaa. Tulifundishwa alama hii katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, na wengi wetu tuliiacha hukohuko. Nataka kuieleza historia yake leo, kwa sababu yapo maradhi ya kompyuta niliyoyakuta katika masimulizi kutoka Sikonge ambayo hayaelezeki bila historia hiyo.

Masimulizi yenyewe yalikusanywa na mwanafunzi wangu wa uzamili miongoni mwa wazee wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Ni habari za mababu waliobeba mizigo hadi pwani, za mizinga ya nyuki katika misitu ya miombo, za misheni ya Wamoravian na makazi ya wagonjwa wa ukoma, na za tumbaku iliyokuja baadaye. Aliyanukuu kwa Kiswahili na Kinyamwezi katika faili za matini tupu, kwa mtindo uitwao Markdown. Katika mtindo huo mwandishi hutia alama chache za kawaida za kibodi, na programu huzigeuza kuwa vichwa vya habari, herufi za mlazo au maandishi mazito. Namsifu kwa uamuzi huo. Faili ya namna hiyo ni nyepesi, hutumwa hata pale mtandao unapochechemea, na haihitaji idhini ya kampuni yoyote ili ifunguke baada ya miaka thelathini. Wanahistoria tunaolalamikia mchwa katika majalada ya karatasi tungepaswa kulifikiria jambo hilo mapema zaidi.

Lakini alipozipitisha faili katika programu ili apate nakala safi ya kuchapa, kurasa zilitoka na madoa. Hapa na pale, katikati ya sentensi, maneno matatu au manne yalikuwa yamebadilika sura. Yalitoka kwa herufi za mashine ya taipu juu ya kivuli cha kijivu, kama zinavyochapwa amri za kompyuta katika vitabu vya mafunzo. Ritifaa zilizokuwa kwenye kingo za madoa hayo zilikuwa zimetoweka. Mwanafunzi alidhani programu imeharibika, akaiondoa na kuiweka upya. Madoa yakarudi palepale. Akabadili fonti, hali ikabaki ileile. Kilichomtatiza zaidi ni kwamba aya nyingi zilikuwa salama, na aya iliyokuwa salama jana iliweza kuugua leo baada ya kuongezewa sentensi moja tu. Mwishowe alianza kukishuku Kinyamwezi chenyewe, kana kwamba ni lugha ambayo kompyuta haiwezi kuibeba.

Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa mfano wa zile zilizomo katika faili: *Mzee alikuwa na ng`ombe wengi na mng`ong`o mmoja nyuma ya nyumba.* Itazame kwa makini, msomaji wangu. Alama inayofuata ng hapo si ritifaa. Ni alama nyingine, imelala ikielekea upande wa pili, na makazi yake katika kibodi nyingi ni pembeni juu kushoto, jirani na tarakimu 1. Mafundi wa kompyuta huiita bektiki. Katika Markdown kazi yake ni kutenga msimbo ndani ya mstari: kila kilichomo baina ya bektiki mbili huhesabiwa kuwa si lugha ya binadamu bali ni amri ya mashine, kwa hiyo huonyeshwa kwa herufi za taipu, na bektiki zenyewe huondolewa kwa kuwa zimemaliza kazi. Programu hutafuta bektiki ya kwanza, kisha hutafuta mwenzake. Katika sentensi yetu ya kwanza imo ndani ya ng`ombe na mwenzake imo mwanzoni mwa mng`ong`o. Kwa hiyo kipande cha «ombe wengi na mng» humezwa chote na kuwa msimbo, nayo bektiki ya tatu hubaki mjane, imesimama peke yake kabla ya o ya mwisho. Neno mng`ong`o likiandikwa peke yake katika aya, linajimeza lenyewe: ong ya katikati hutiwa kivuli, na mti wa watu hubaki mngongo.

Hapo ndipo utaratibu wa maradhi unapodhihirika. Bektiki moja katika aya haina madhara, kwa sababu isiyo na mwenzake huachwa ilivyo. Zikiwa mbili, zinafungana ndoa. Ndoa hizo hazivuki mpaka wa aya, na ndiyo maana ugonjwa haukuenea faili nzima. Aya ya jana iliyokuwa na ng`ombe mmoja ilikuwa salama. Leo ameongezwa ng`ombe wa pili, na maneno yote yaliyo kati yao yamegeuka kijivu. Programu haikukosea hata kidogo. Ilitii sheria yake kwa uaminifu ambao watumishi wengi wa umma wangeweza kuuonea haya.

Swali la mwanahistoria ni jingine: bektiki ilifikaje katika kinywa cha Mnyamwezi?

Sauti yenyewe ni kongwe kuliko maandishi yoyote ya nchi hii. Katika Kinyamwezi na jirani yake Kisukuma sauti ya ng' imetapakaa kuliko katika Kiswahili, kwa kuwa kiambishi mu- cha ngeli ya watu kinapokutana na irabu hugeuka ng'w-. Ndivyo mwana anavyokuwa ng'wana, na majina ya watu yanayoanza kwa Ng'wana, yaani mwana wa fulani, yamejaa kuanzia Tabora hadi Ziwa Viktoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokwenda Bagamoyo katika karne ya 19, wakimfuata kirangozi wao na mizigo mabegani, walikwenda na majina hayo. Waliyaandika akina nani? Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa na hati ya Kiarabu, na katika hati hiyo herufi moja, ghaini, ilibebeshwa gh, g, ng na ng' kwa pamoja. Haikuwa kasoro kubwa kama wageni walivyopenda kusema. Aliyeandika barua na aliyeisoma walijuana, na muktadha ulilipa deni la herufi. Karani wa mzigo wa pembe hakuhitaji kuambiwa kwamba ng'ombe ni ng'ombe.

Wazungu walipofika walikuja na shida yao. Burton na Speke waliingia Tabora, waliyoiita Kazeh, mwezi Novemba 1857. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, kisha akaikwepa vita ya Mirambo kwa kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, upande uleule wa Sikonge. Hawa waliandika majina kama sikio la Kiingereza lilivyoyapokea, na sikio la Kiingereza linaijua sauti ya ng' mwishoni mwa neno tu, haliijui mwanzoni. Matokeo yake ni kwamba anayetumia vitabu vyao kama chanzo hulazimika kukisia jina la kijiji mara tatu kabla ya kulipata kwenye ramani.

Aliyesikia vizuri zaidi alikuwa mmisionari. Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa Chama cha Wamisionari cha London mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaenea Unyamwezi, Sikonge ikiwamo. Mmoja wao, Edmund Dahl, aliona kwamba pale Mswahili anaposema tatu, Mnyamwezi husema datu. Mtu mwingine angeandika kwamba wenyeji hawatamki t vizuri, na kweli wengine waliandika upuuzi wa namna hiyo kuhusu lugha nyingi za Afrika. Dahl alihisi kwamba ipo kanuni: konsonanti isiyo na ghuna inapofuatwa na silabi yenye konsonanti ya aina hiyohiyo, ile ya kwanza hupata ghuna. Carl Meinhof aliitangaza kanuni hiyo nchini Ujerumani mwaka 1903 na kuipa jina la Dahl, nayo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya isimu duniani. Ndiyo hiyohiyo inayoeleza kwa nini Wakikuyu wenyewe husema Gĩkũyũ kwa g na sisi tunasema Kikuyu kwa k. Kamusi ya Kinyamwezi ya Dahl ilichapwa Hamburg mwaka 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Mwaka uliofuata majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na utawala wa Kijerumani mjini humo ukaisha. Si mara ya kwanza kitabu kuchapwa kwa ajili ya nchi ambayo mchapaji yu karibu kuipoteza.

Wataalamu wa wakati huo walikuwa na mapendekezo kuhusu sauti ya ng'. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi moja ya pekee, ŋ, yaani n yenye mkia. Lugha kadhaa za Afrika Magharibi ziliipokea. Kwetu, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Kiswahili sanifu kilibaki na ng'. Mimi siulaumu uamuzi huo. Ŋ haikuwamo katika mashine za taipu za maofisi na misheni, ritifaa ilikuwamo. Lakini kuna gharama iliyofichika hapo. Ŋ ingekuwa herufi, isiyoweza kuchanganywa na kitu kingine. Ritifaa ilikuwa alama ya uandishi iliyoazimwa kufanya kazi ya herufi, na katika mashine ya taipu alama hiyohiyo ilifunga nukuu na kufupisha maneno ya Kiingereza. Tulimpa mgeni uraia bila kumwandikia hati.

Bektiki nayo ina ukoo wake, na ni ukoo wa mbali kabisa na Unyamwezi. Wamarekani walipotoa orodha sanifu ya herufi za kompyuta, ASCII, mwaka 1963, haikuwamo. Iliingizwa katika marekebisho ya mwaka 1967, pamoja na herufi ndogo, ili itumike kama kiinitoni cha lugha kama Kifaransa: mashine ichape herufi, irudi nyuma hatua moja, kisha ichape alama juu yake. Skrini zilipoenea, ufundi huo wa kuchapa juu ya herufi ulikosa maana, na alama ikabaki kibodini bila kazi maalumu. Watunzi wa programu waliiokota kila mmoja kwa shughuli yake. John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004 aliitumia kutenga msimbo, na mantiki yake inaeleweka: mwandishi wa Kiingereza haihitaji katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo ni salama kuipa kazi. Salama kwake. Hakuna aliyekuwa mezani wa kusema kwamba wapo watu ambao huandika ng`ombe kwa bektiki, katika habari za mtandaoni, mihutasari ya vikao na orodha za majina.

Kwa nini wanaandika hivyo? Naona kwamba tulifundisha umbo la ritifaa ubaoni, hatukufundisha makazi yake kibodini. Mtoto anaona mkato uliolala kidogo. Mtu mzima anafika kwenye kompyuta, anaitazama alama iliyonyooka jirani na kitufe cha kuingiza, haifanani na ile ya ubaoni, kisha anaiona iliyolala pale juu kushoto na kuiamini. Ni mantiki ya mtu mwenye akili timamu.

Dawa ya faili za Sikonge haikuwa ngumu. Tafuta ng`, Ng` na NG` zote, na mahali pa bektiki uweke ritifaa. Usiagize kompyuta ibadili kila bektiki inayoiona, kwani hati nyingine zina msimbo halali ambao utauvunja. Kama kwa sababu yoyote unataka bektiki ionekane katika sentensi, tanguliza mkwaju wa kinyume, hivi: \`, programu itaiacha kama ilivyo. Tahadhari tu kwamba mkwaju huo hauna nguvu ndani ya msimbo wenyewe. Huko, ukitaka kuionyesha bektiki moja, zungushia bektiki mbilimbili pande zote, kwa kuwa sheria inataka wafunguzi na wafungaji walingane idadi. Baada ya hapo pitia kila aya iliyokuwa na doa kwa macho yako.

Hata hivyo, kuondoa madoa ni nusu ya kazi, maana madoa angalau yanaonekana. Ritifaa nayo ina sura tatu katika kompyuta za leo. Ipo iliyonyooka ('), ipo iliyopinda (’) ambayo programu nyingi za ofisini huiweka zenyewe bila kuuliza, na ipo ya tatu (ʼ), ambayo viwango vya Unicode vimeitenga iwe herufi na si alama ya uandishi. Ongeza bektiki, na ng'ombe mmoja ana sura nne. Jicho la binadamu haliwatofautishi kwa urahisi; mashine huona maneno manne tofauti. Mtafiti atakayetafuta «ng'wana» katika masimulizi yetu miaka ishirini ijayo anaweza kupata robo ya yaliyomo na kuandika kwa ujasiri kwamba wazee wa Sikonge walilitumia neno hilo kwa nadra.

Tuhame kwenye utafiti, twende kwenye maisha ya watu. Jina lenye ritifaa katika cheti cha kuzaliwa linaweza kukosa ritifaa katika cheti cha shule, likapata bektiki katika fomu ya mtandaoni, na likakataliwa kabisa na mfumo mwingine unaodai kwamba jina lina «alama zisizoruhusiwa». Nimeona mwanafunzi akilazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Analipia kiapo hicho, wakati mwingine kwa fedha za nauli ya kurudi nyumbani, kwa kosa la kuitwa kama babu yake. Tatizo hili si la Wanyamwezi na Wasukuma peke yao. Akina Ng'ang'a na Nyong'o wa Kenya wanalijua, na hata akina O'Brien wa Ireland wamelalamikia mifumo inayokataa ritifaa yao. Tofauti ni kwamba O'Brien akinyimwa ritifaa hubaki akitamkwa O'Brien. Ng'ang'a akinyimwa, sauti yake yenyewe imebadilishwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Mwaka 2004, mwaka uleule wa Markdown, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba walugha na mafundi wakiketi pamoja istilahi hupatikana. Kuamua ni ritifaa ipi kati ya zile tatu iwe ya Kiswahili ni uamuzi wa tahajia, wa jinsi ileile na ule wa miaka ya 1930, na tahajia ni wajibu wa BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Maoni yangu ni kwamba ile ya tatu, iliyo herufi, ndiyo sahihi kwa hoja ya isimu. Lakini haimo katika vibodi vya watu, na sheria ya tahajia isiyoandikika ni sheria ya kuvunjwa. Basi iliyonyooka iwe ndiyo ya kuandikia, na kila mfumo wa umma ulazimishwe kuzihesabu zote nne kuwa kitu kimoja unapotafuta jina la mtu. Maelekezo hayo yangetosha ukurasa mmoja.

Katika faili za Sikonge tumetumia ritifaa iliyonyooka, na tumeliandika hilo katika ukurasa wa mbele ili atakayekuja asikisie. Madoa ya kijivu yamekwisha. Tulipokuwa tukilinganisha matini na sauti zilizorekodiwa, hata hivyo, tumekuta mahali ambapo mzee anasema wazi ng'wana, na mwanafunzi, kwa mazoea ya Kiswahili cha shuleni, ameandika mwana. Hapo hakuna bektiki ya kutafuta wala ya kubadili, na hakuna programu itakayotuonyesha zimo ngapi. Ameanza kuzisikiliza rekodi upya, moja baada ya nyingine, akianzia na zile za wazee ambao hawapo tena.